Mzee Nangomwa, Aliyetuandikia Marehemu Wetu

Wazee wangu shikamooni, mama zangu, ndugu wa marehemu mliosafiri kutoka Masasi, majirani wa Kinyerezi na nyote mliokuja kutusindikiza, kwa jina naitwa Lulu, nimepanga nyumba ya tatu kutoka hapa alipoishi marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia pale nitakapokwama, ingawa tarehe nikikosea najua mwenyewe asingenivumilia, maana nyote mnafahamu kwamba katika mtaa huu aliyekuwa akiandika historia za marehemu ni yeye, na juzi kamati ilipouliza nani ataandika ya kwake, watu waliangalia chini.

Kabla sijaanza niseme jambo moja, ili msije mkashtuka nitakapolifikia. Miaka minane iliyopita marehemu alisoma neno kwenye msiba wa hapa jirani, na tangu siku ile sehemu kubwa ya mtaa ilinyamaza naye, salamu zikabaki za njiani tu. Leo saa tisa tunamzika, na ninachoomba ni kwamba asizikwe na ule ukimya juu yake kabla hamjajua kwa nini alilisoma. Nitalieleza mahali pake na kwa tarehe yake, na nimehakikisha kwamba mwenye uchungu wa jambo hilo halisikii leo kwa mara ya kwanza.

Marehemu Ferdinand Nangomwa alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1952 katika kijiji kilicho jirani na Ndanda, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Litunu Nangomwa na Bi Editha, na tarehe hiyo nimeinakili kwenye kadi yake ya ubatizo, kwa sababu mama yake alipokuwa akiulizwa alijibu tu kwamba Ferdinand alizaliwa mwaka wa pili tangu matrekta ya karanga ya Mwingereza yanyamaze kule Nachingwea. Mdogo wake, Mzee Ismail, ambaye yuko nasi hapa mbele, ni wa baba mmoja na mama mwingine, na amenisimulia kwamba pale nyumbani kwao Idi na Krismasi zilikuwa za watoto wote, aliyetoka msikitini na aliyetoka misa walikaa kwenye sinia moja, na baba yao alipowahesabu watoto wake aliwahesabu kwa vidole bila kuuliza huyu ni wa mama yupi.

Babu yao mzaa baba alichukuliwa kuwa mpagazi wa Mjerumani mwaka 1917, vita vya wazungu vilipofika kule kusini, akafungwa mzigo kichwani, akaondoka na wenzake wengi wa kijiji na hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema alifia wapi. Marehemu aliniambia kwamba alipokuwa mtoto bibi yake alikuwa bado akitenga chakula kidogo jioni, hakusema ni cha nani, na watoto walikatazwa kukigusa.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1961 akamaliza darasa la saba mwaka 1967, nafasi za sekondari zilikuwa chache, wakachukuliwa wawili tu darasa zima na yeye hakuwa mmoja wao. Alilima na baba yake miaka mitatu, halafu mwezi Februari 1971 akaja Dar es Salaam, akafikia kwa binamu yake Temeke, na mwezi Juni 1972 akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali, akawa anabeba majalada mchana na kusoma masomo ya jioni, mpaka tarehe 1 Aprili 1976 alipopandishwa kuwa karani wa masjala.

Kwa wasioijua masjala, ni chumba cha ofisi kinachotunza majalada yote, na marehemu alikaa kwenye chumba hicho miaka thelathini na sita, mpaka alipostaafu tarehe 14 Oktoba 2012 akiwa na umri wa miaka sitini kamili. Alikuwa akisema kwamba katika maisha yake hajapoteza jalada hata moja, na kwamba mtu anaweza kufa, kufukuzwa kazi au kuhama, lakini kama karatasi yake ipo mahali pake, hawezi kusemwa kwamba hakuwepo. Huko ndiko alikokutana na marehemu Mzee Audax, mwenyeji wa Bukoba, wakafanya kazi meza zinazotazamana, na mwaka 1993 wote wawili wakanunua viwanja hapa Kinyerezi wakati bado ni mikorosho na vichaka, wakajenga, wakawa majirani.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 28 Novemba 1981 na Monica, binti wa kwao Masasi. Tarehe 3 Mei 1983 walipata mtoto wa kike, wakamwita Rosalia, naye akaishi siku kumi na moja, akafariki tarehe 14 Mei. Wengi mnasikia jina hilo leo, hata Mzee Fakihi fundi cherehani, aliyekaa naye barazani miaka zaidi ya ishirini, ameniambia hakuwahi kulisikia. Wakati ule mtoto wa siku kumi na moja hakuwa na cheti, hakuwa na kadi, na majirani waliwaambia wasilie sana kwa kuwa bado ni vijana watapata wengine. Marehemu alirudi kazini baada ya siku mbili, akakaa mezani, akachukua jalada jipya tupu, akaandika juu yake jina la Rosalia na ndani akaweka karatasi moja yenye tarehe mbili, na jalada hilo tumelikuta chini ya godoro lake. Hawakupata wengine. Mwaka 1986 Monica alirudi kwao, baadaye akaolewa na mwanamume mwingine, na marehemu hakuwahi kumsema kwa ubaya, aliniambia tu kwamba nyumba ilikuwa na ukimya ambao yeye alikuwa ameuzoea ofisini na mwenzake hakuweza kuuzoea.

Sasa nieleze kazi aliyoipenda kuliko ile aliyolipwa mshahara. Marehemu alipenda mambo ya kale, alisoma kila alichokipata, magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitumbua aliyakunjua akayanyoosha kwa pasi, na tenzi alizisoma kwa sauti jikoni akisubiri ugali uive, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Alisema kila aliyewahi kutufikia alituachia maneno ndani ya nyumba, Mreno akaacha meza na leso, Mjerumani akaacha shule na hela, Mwarabu akaacha kitabu na kalamu, Mhindi ambaye hakututawala naye akaacha duka, na kwamba anayetaka kujua tulikotoka asianzie kwenye minara, aanzie nyumbani kwa mama yake, ahesabu vitu na kuuliza majina yake yametoka wapi. Mzee Fakihi alikuwa akimchokoza, "Nangomwa, wee ukiulizwa saa ngapi, unaanza na aliyetengeneza saa," naye alikuwa akimjibu bila kucheka, "Saa utaiona mwenyewe ukutani, aliyeitengeneza nani atakwambia?"

Kuhusu mashujaa alikuwa na msimamo wake, hakuwadharau waliopigana Majimaji wala wale tunaowakumbuka kila Julai, ila akiona gwaride kwenye televisheni alikuwa akiuliza hawa nani aliwapikia, nani aliwabebea maji, nani aliwazika. Aliniambia wapagazi walikufa kwa maelfu kule kusini, wakaandikwa kwa idadi tu, mia moja hapa, mia mbili pale, kama magunia, na kwamba yeye hakuhitaji babu yake ajengewe mnara, alitaka tu kuona mahali fulani, kwenye karatasi ya mtu yeyote, jina lake limeandikwa pamoja na mahali alipoangukia.

Ndiyo maana tangu mwaka 1994, alipofiwa jirani wa kwanza hapa mtaani, alijitolea kuandika historia za marehemu, na mpaka mwaka 2017 alikuwa ameandika arobaini na tatu, nakala zote zipo ndani kwenye bahasha za kaki, kila moja na jina. Alikuwa akisema hicho ndicho kitabu pekee ambacho kila mmoja wetu, hata asiyejua kusoma, lazima ataandikiwa, kinasomwa mara moja tu, tena mwenyewe hayupo kusahihisha, kwa hiyo anayekiandika aogope.

Wenye umri mnakumbuka alivyokuwa akifanya, siku ya kwanza ya msiba anafika na daftari, haendi kwa wafiwa waliokaa kwenye mkeka, anakwenda nyuma kwenye mafiga kumtafuta bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote, anakaa naye chini anamuuliza. Bibi akisema marehemu alizaliwa mwaka wa nzige, au alioa walipohamishiwa vijijini, au mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka Uganda, yeye anapiga hesabu kwenye pembe ya daftari mpaka anapata mwaka, halafu anamrudishia bibi kwa heshima, "Basi mama, itakuwa sabini na nne, mwezi wa tisa, mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa?" Hakupenda maneno ya kuokota, ukimwambia marehemu alikuwa mcheshi, atakuuliza mcheshi kivipi, nipe kicheko chake kimoja, na ndiyo sababu historia ya marehemu Mashaka fundi bomba ilikuwa na ile habari kwamba hapakuwa na bomba lililovuja mtaa mzima isipokuwa la nyumbani kwake, watu wakacheka huku wanalia.

Mwaka 2009, tarehe 6 Juni, Monica alifariki kule Masasi. Marehemu alisafiri, na kwa kuwa kule pia walijua kazi yake, wakamwomba aandike, akaandika, akaorodhesha watoto watatu aliowazaa Monica kwenye ndoa ya pili, na mwanzoni mwa orodha akamweka Rosalia. Kama ilivyo desturi, karatasi ilipelekwa kwa familia waipitie kabla ya kusomwa, nayo ikarudi na mstari juu ya jina la Rosalia, wakamwambia kwa upole kwamba ni mambo ya zamani, yatachanganya watu. Akasimama akasoma bila jina hilo. Mzee Ismail alikuwepo siku hiyo, amenieleza kwamba kaka yake alisoma vizuri tu, sauti haikutetemeka, lakini alipomaliza hakusubiri chakula, alitembea mpaka barabarani akasimama peke yake akiwa ameshika ile karatasi, na tangu hapo hakupenda tena kuwapa familia karatasi zake wazipitie.

Sasa nimefika pale nilipowaambia. Tarehe 19 Agosti 2017 alifariki Mzee Audax. Miaka mitatu kabla ya hapo Mzee Audax alikuwa amemwambia marehemu jambo la siri, kwamba mbali na watoto wake Erasmus, Clara na Yustina, anaye binti mwingine aliyezaa na mama mmoja muuza vitumbua wa Tabata, akampa jina na tarehe ya kuzaliwa, akasema, "Nikitangulia, Ferdinand, andika wote. Mama Erasmus nitamwambia mwenyewe." Marehemu aliamini kwamba mwenzake ameshamwambia. Hakwenda kuuliza, na karatasi hakuipeleka kwa familia waipitie, kwa sababu niliyokwisha kuieleza, na hapo ndipo alipokosea, yeye mwenyewe alilitaja kuwa kosa mpaka mwisho. Siku ya mazishi alisimama hapo nyumba ya pili, mbele ya watu wote, akasoma kwamba Mzee Audax ameacha mke na watoto wanne, akawataja, Erasmus, Clara, Yustina na Lulu, na Mama Erasmus akalisikia jina hilo akiwa amekaa kando ya jeneza la mume wake.

Huyo Lulu ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa nimesimama nyuma kabisa karibu na tenki la maji pamoja na mama yangu, tulikuja kama watu tu, hatukuja kudai chochote. Watu waligeuka kutafuta ni nani. Mama alinishika mkono tukatoka kwa mlango wa uani kabla ya kwaya kuanza, na sikumwona Mama Erasmus alivyofanya, ila mlioona mnajua, na mimi nampa pole leo kwa sababu siku ile sikuweza kumpa. Ninachotaka kusema ni hiki tu, kwamba yule msomaji alisoma jina langu kwa sauti ileile aliyosomea majina ya wenzangu, hakuishusha, hakukohoa, hakuliruka haraka kama mtu anayeruka tope. Hakukusudia kumwaibisha mtu. Alikuwa na mtoto wake aliyefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na aliposhika karatasi ya rafiki yake hakutaka mtoto wa mtu mwingine afutwe.

Baada ya siku ile hakuna aliyekuja tena kumwomba aandike. Hakuna aliyemtukana pia, mtaa huu una adabu, watu walimwamkia wakapita. Mzee Fakihi ameniruhusu niseme kwamba naye aliacha kukaa barazani, kwa kuwa mke wake na Mama Erasmus ni watu wa chama kimoja cha akina mama, kisha siku zikawa nyingi, akaona aibu kurudi. Marehemu alikwenda kwenye geti la Mama Erasmus mara tatu kuomba radhi, mara zote aliambiwa mama amelala, naye hakwenda ya nne, alisema mtu akikwambia amelala mara tatu mchana, amekujibu.

Misibani aliendelea kwenda, hakuacha hata mmoja, alikaa viti vya mwisho akasikiliza historia ikisomwa na wengine, akaondoka kabla ya chakula ili asimlazimishe mtu kukaa karibu naye. Nyumbani aliandika kwenye daftari makosa aliyoyasikia, huyu alistaafu mwaka fulani na si mwaka fulani, yule mtoto wake wa tatu amesahauliwa, na hakumwonyesha mtu daftari hilo, halikuwa la kumsuta yeyote, alisema tu kwamba lazima kuwe na sehemu moja ambapo historia iko sawa.

Mimi nilihamia mtaa huu mwezi Januari 2020 na mume wangu Marijani, nikiwa mjamzito, chumba tulikipata kwa bahati, sikujua kama huyu mzee anaishi hapa. Siku ya pili nilipita na ndoo nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza jina, nikamwambia, akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Lulu wa Audax? Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, elfu mbili?" Niliweka ndoo chini. Mbali na mama yangu hakuna mtu aliyewahi kunitajia tarehe niliyozaliwa. Nikamjibu ndiyo, akasema, "Mie nilikuletea matatizo, mwanangu. Ukweli una mlango wake, mie niliuingiza kwa dirisha." Nikamwambia hakuniletea matatizo.

Tangu hapo aliniwekea dumu la maji mlangoni kila yalipokatika, hakugonga, nilijua tu nikifungua mlango. Mwanangu Nusaiba alipozaliwa, tarehe 4 Juni 2020, watu walileta mchele na sabuni na mimi nawashukuru, yeye alikuja akasimama nje ya pazia akauliza saa ngapi mtoto alilia mara ya kwanza, akaandika, akaondoka. Sukari ilipoanza kumharibu macho nilikuwa nakwenda mchana kumsomea, mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtoto, neno mojamoja, hakunicheka, aliniambia nisikimbie, koma imewekwa ili mtu apumue, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika sentensi ndefu kama hizi mnazozisikia.

Siku moja nilimuuliza kama hachoki kukaa peke yake. Akasema amezoea, ana watu arobaini na watatu ndani, halafu akaangalia zile bahasha, akasema, "Ila hawaulizi kama nimekula."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alisumbuliwa na sukari tangu mwaka 2015 na presha tangu mwaka 2019. Tarehe 11 Julai mwaka huu alipata kidonda kwenye mguu wa kushoto, akatibiwa zahanati ya hapa, tarehe 20 Agosti akazidiwa tukampeleka hospitali, akalazwa. Huko wodini aliendelea na tabia yake, wagonjwa wa vitanda vya jirani wote aliwauliza walizaliwa wapi na mwaka gani, na mzee mmoja wa Kigoma ambaye hakujua mwaka wake alitoka hospitali akiwa anaujua. Tarehe 7 Septemba alinishika mkono akaniambia nitakapoandika nisimwongezee na nisimpunguzie, nimwandike Rosalia, na nimpelekee Mama Erasmus karatasi kwanza, akifuta lolote liwe limefutwa. Nilimwuliza hata akikufuta wewe, akasema hata hivyo. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, imebaki mwezi mmoja na siku chache atimize sabini na mitatu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nilidhani amelala, nikakaa nikisubiri aamke anywe, na muuguzi ndiye aliyeniambia.

Marehemu ameacha mdogo wake, Mzee Ismail, na watoto wa ndugu zake walioko Masasi. Mke hakuacha. Mtoto aliye hai hakuacha, anaye mtoto mmoja, Rosalia, aliyemtangulia kwa miaka arobaini na miwili. Mahali hapa watu huandika kwamba marehemu ameacha pengo kubwa, nami niliandika hivyo mwanzo nikafuta, kwa sababu pengo alikuwa nalo yeye, aliishi nalo hapa katikati yetu, na sisi tulikuwa tunapita.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe. Tunawashukuru wastaafu wenzake wa masjala, wanne, mliokuja na jalada jipya lenye jina lake ili historia hii ihifadhiwe humo. Tunamshukuru Mzee Fakihi, aliyeshona shuka ya jeneza juzi bila kuombwa na mtu. Tunawashukuru majirani mlioleta kuni, maji, turubai na viti, na vijana mliochimba kaburi.

Mwisho, tunaishukuru familia ya marehemu Mzee Audax. Juzi Jumatano niliipeleka karatasi hii kwa Mama Erasmus kama nilivyoagizwa, nilidhani nitaambiwa amelala. Alifungua geti mwenyewe, nikamwamkia, akaniambia nikae, akavaa miwani akaisoma yote kuanzia juu, mimi nikiwa nimeangalia sakafu, nikasubiri kuisikia kalamu ikipita kwenye ile habari ya mwaka 2017, na haikupita. Alifika hapa mwishoni, nilipokuwa nimeandika kwamba tunamshukuru Mama Erasmus pamoja na watoto watatu wa marehemu Mzee Audax, ndipo akaniomba kalamu. Alisema, "Hapa umekosea hesabu. Yeye alihesabu sawasawa." Akakata neno moja, akaandika lingine juu yake, akanirudishia karatasi, akaniuliza kama nimekula.

Nasoma kama alivyoandika. Tunamshukuru Mama Erasmus pamoja na watoto wanne wa marehemu Mzee Audax.

Mzee Ferdinand Nangomwa, upumzike sasa, na amani iwe juu yako.